Nilivyovaa Koti la Leonsi Akiwa Bado Hai

Jamani, nimechoka. Tangu nirudi Morogoro kila ninayekutana naye ananishika mkono: "Mama Deo, ehe, Marekani kulikuwaje?" Nimesimulia sokoni, nimesimulia kwenye jumuiya, nimesimulia nikiwa nimeinamia sufuria la pilau la harusi ya watu, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Sasa nasikia huko mtaani wanasema nilikamatwa na polisi kwa kumtesa mgonjwa. Basi nimekaa chini kuandika yote, asomaye asome, na anayependa umbea aendelee nao. Habari za viza na tiketi sizigusi, zilinitoa jasho na zimepita.

Leonsi wengi wenu mnamjua. Kwa asiyemjua, ni mtoto wa mjomba wangu, kaka yake mama. Tulilelewa pamoja kwa bibi yetu kule Matombo, tukila sahani moja na kugombania ukoko. Na kwetu Waluguru binamu ni mtani. Yeye ananiita mke wangu, mimi namwita mume wangu, na tangu tupate akili hatujawahi kusalimiana bila kutukanana. Siku binamu yako akikuamkia kwa adabu, jua kuna jambo.

Marehemu mume wangu alipofariki, mimi sikulia. Sikula, sikulala, nilikaa tu kwenye mkeka nikitazama ukuta, watu wakininong'oneza "pole, pole". Leonsi akatoka Minnesota alikohamia zamani, akaingia msibani, hakunipa hata mkono. Alipitiliza chumbani akatoka amevaa koti na kofia ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji bega moja juu, kama alivyokuwa akitembea marehemu mwenyewe, akidai chai kwa sauti ileile ya ukali. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, kumwigiza aliyekwenda. Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia ndipo nikaanza kupona. Deni la namna hiyo halina malipo, mtu unabaki kushukuru tu.

Sasa mwaka huu, baridi ya huko ikiwa imekolea, akanipigia simu binti yake, Neema. "Auntie, Dad amepata stroke. Mguu unaweza kupona, wanasema, lakini amekataa mazoezi. Haongei. Ame-give up kabisa." Kisha akaniambia kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata kutakuwa na kikao. Kama baba yake atakuwa bado hajasimama, anahamishiwa nyumba ya wazee moja kwa moja, na ile nyumba yake ya Apple Valley inauzwa.

Leonsi amefanya kazi kwenye nyumba za wazee miaka yote aliyokaa kule, akiwaogesha na kuwalisha, mkewe akiwa hai na hata baada ya kufiwa naye. Aliniambia zamani, bila mzaha hata kidogo: "Skola, mimi nisije nikalala kule ninakowalaza wenzangu." Nikamwambia Neema nakuja.

Dar hadi Amsterdam

Kutoka Morogoro nilipanda treni ya umeme, sikupata hata muda wa kuumaliza mhindi wangu wa kuchoma, tumefika. Visa vilianzia uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeweka mwiko wangu wa kusongea ugali kwenye mkoba wa mkononi, maana mwiko wangu siuamini kwenye sanduku. Kijana wa ukaguzi akauchomoa, akautazama juu chini.

"Mama, hii ni silaha."

"Silaha ya nani? Huo unasonga ugali wa watu mia tano na haujamuua mtu."

"Huu unavunja kichwa, mama yangu."

Tulibishana mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Mwisho akaja mkubwa wake, mama mtu mzima, akaushika, akaupima mkononi, akasema mwiko mzuri, akamwambia kijana auache upite. Wanawake wenzangu oyee.

Amsterdam, nikitoka mlangoni, nikamkuta mwanamume mrefu ameshika karatasi yenye jina langu na kiti cha magurudumu mbele yake. Nikauliza nani kaumwa. Kumbe mimi! Neema alikuwa amewaambia shangazi yake ana goti bovu. Niliudhika, nikamwonyesha kwa ishara kwamba natembea vizuri kuliko yeye. Akatabasamu, akanionyesha korido lilivyokuwa refu. Nikalitazama, nikalitazama tena, nikakaa. Tukaipita foleni yote kama vile mimi ni mke wa waziri. Wakanipa mkate wa baridi wenye jibini ngumu, nami nikampa yule bwana karanga zangu, akazila zote palepale akisukuma kwa mkono mmoja.

Chicago

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Sanduku langu limetoka tu, akaja mbwa mdogo wa rangi tatu na afisa wake, akalinusa sanduku, akaketi chini kando yangu, kimya, mpole. Nikajua amechoka. Nikamwambia afisa kwa Kiingereza changu cha shule kwamba mbwa wake anahitaji maji. Afisa akaniambia mbwa hahitaji maji, nifungue sanduku.

Wakachambua. Dagaa wakaniachia, na mlenda mkavu wakaniachia baada ya kuunusa na kukunja sura. Magimbi ya Matombo, niliyoyachagua mwenyewe moja moja kwa ajili ya Leonsi, wakayatupa mbele ya macho yangu. Nilisema maneno ya Kiluguru ambayo siyaandiki hapa.

Kutoka hapo nikaambiwa ndege za kwenda Minneapolis, jirani na kwa Leonsi, zimefutwa zote kwa sababu ya theluji, na huenda zisiruke mpaka Ijumaa jioni. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kikao ni Ijumaa asubuhi. Nilikaa juu ya sanduku langu katikati ya watu, nikalia bila aibu.

Mkono ukanigusa begani. "Mama, usilie hapa. Unatoka wapi?" Alikuwa mama wa Kikongo, mnene, amefunga kilemba cha kitenge juu ya koti zito. Jina lake Mama Furaha, mwenyeji wa Uvira, sasa anaishi Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis, na wanawe. Na yeye ndege yake ilikuwa imefutwa. Nikamweleza. Akasikiliza yote, akasema, "Ndege ni ya watu wenye hawana haraka. Kesho asubuhi tunapanda bus, tuko wawili."

Basi hadi Saint Paul

Basi lilikuwa na joto zuri, viti vikubwa, na nje kila kitu kilikuwa cheupe, sioni shamba wala barabara. Mama Furaha alitoa mayai ya kuchemsha na maandazi, mimi nikatoa dagaa niliowakaanga nyumbani na pilipili. Kijana aliyekaa mbele yetu akahama. Tukala vizuri zaidi.

"Sasa huyu mugonjwa wako," akaniuliza, "ni nani yako?"

"Ni mume wangu," nikasema, kama ninavyosema siku zote.

Jamani, kosa. Mama Furaha alinishika mikono yote miwili, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti, Kiswahili na Kifaransa pamoja, Mungu amrudishie mwanamke huyu bwana wake wa ujana, walale tena kitanda kimoja. Nilitaka kumkatiza lakini ukimkatiza mtu anayeomba namna ile utaanzia wapi? Nikasema amina. Nyuma huko na mzungu mmoja mzee akasema amina.

Saint Paul, Neema alikuwa anatungoja, mrefu, mwembamba, koti refu jeusi, uso wa Leonsi mtupu. Kabla sijafungua mdomo Mama Furaha akamkumbatia: "Binti, mama yako ameteseka sana njiani. Bwana wake atapona, Mungu amenionyesha. Merci, asante, mutunze sana mama yako."

Neema akanitazama. Mama yake mzazi tulishamzika zamani. Ndani ya gari, tulipoingia barabara kuu, akasema polepole, "Auntie, kwa nini umemwambia wewe ni mke wa Dad?"

Nikamweleza utani. Nilimweleza vizuri, toka Matombo mpaka msiba wa mume wangu. Akaitika "okay", lakini kwa ile okay ya mtu ambaye hajaelewa na ameanza kukuogopa. Na nani wa kumlaumu? Amekua yeye na wazazi wake tu, na sasa anafanya kazi za ofisini Eden Prairie, ambako ukitaka chumvi unawasha gari. Binamu kwake ni picha kwenye simu.

Chumba cha Leonsi

Tulipitiliza moja kwa moja kwenye kituo alikokuwa akiuguzwa. Chumbani walikuwemo watu wa kanisa, wamesimama kwa adabu, mikono mbele, sauti za chini. Leonsi amelala amegeukia ukuta. Amekonda. Mkono wa kulia umelala juu ya blanketi, hausogei. Walikuwa wanamwambia "pole mzee, jikaze", naye hajibu.

Moyo wangu ulikatika, nawaambia kweli. Nilitaka kupiga magoti. Lakini nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyokuwa nikiutazama ukuta, na pole zile zilivyokuwa zikinizika. Nikasema kwa sauti ya kuita watu wa jikoni:

"Mume wangu! Nimeambiwa umekufa, nimekuja kuchukua nguo zangu!"

Nikafungua kabati. Nikatoa koti lake la baridi, kubwa, la buluu, nikavaa. Nikatoa na kofia yake ya sufu nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Kisha nikatembea, kutoka dirishani mpaka mlangoni, nikiburuta mguu, tumbo mbele, mdomo umepinda, nikisema kwa sauti yake: "Mimi Leonsi, niliyemshinda chui Matombo, leo nimeshindwa na shuka." Nikarudi tena, vibaya zaidi. Nikamwambia ndio maana bibi alikuwa anamfunika na kanga mgeni akija, asije akamtia mtu hofu.

Hakugeuka. Ila niliona sikio lake limekaa vile anavyokaa mtu anayesikiliza.

Watu wa kanisa walianza kutoka mmoja mmoja. Mlangoni walikuwa wamesimama wahudumu wawili wameshika midomo. Neema analia, ananivuta mkono, "Auntie, please, vua." Nesi mmoja Mkenya, Mkisii, jina lake Kerubo, akanitoa hadi kwenye korido. Nilimweleza. Alinisikiliza akijizuia kucheka.

"Auntie, mimi nimekuelewa. Lakini hapa huwezi cheka mgonjwa hivyo, tayari wame-report. Kesho kwa kikao watakuuliza. Na wakiamua unamsumbua mzee, hutaruhusiwa kuingia tena."

Njiani kwenda kulala, Neema aliwasha redio, akaongeza sauti. Nikaogopa sasa. Nimevuka dunia nzima, na huenda nimemfungia ndugu yangu mlango kwa mikono yangu.

Kikao

Palikuwa na meza ndefu. Mama wa ustawi wa jamii, mzungu, mpole, nywele nyeupe. Mtaalamu wa mazoezi. Neema. Kerubo wa kunitafsiria. Mimi nimekaa pembeni kama mshitakiwa, mkoba mapajani. Wakamleta Leonsi kwenye kiti cha magurudumu, macho chini.

Mtaalamu wa mazoezi akasema mguu una nguvu, ila mwenyewe hataki, na wao hawawezi kumlazimisha mtu kutaka. Neema akasema, sauti ikitetemeka, kwamba basi amekubali nyumba ya wazee. Kisha yule mama wa ustawi akamwinamia Leonsi, akamwambia jana ameripotiwa kudhihakiwa na mgeni, tena mbele za watu. Je, mgeni huyu anamtisha? Anataka atolewe? Kerubo akanitafsiria yote, taratibu.

Tukangoja. Mama wa ustawi akaanza kukusanya karatasi zake.

"Sitembei hivyo."

Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, neno limeteleza upande mmoja. Neema alishika mdomo. Majuma mangapi hajaisikia sauti ya baba yake.

"Amesema nini?" wakauliza. Kerubo akatafsiri kwamba anasema hatembei hivyo, nao wakatazamana.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Damu ilinichemka kwa furaha, lakini mtani haonyeshi. Nikasema, "Unatembea vilevile. Tena nilikupunguzia."

"Mwongo."

"Tuonyeshe basi."

"Mwongo tangu utoto," akasema Leonsi, akaweka mkono wake mzima juu ya mkono wa kiti. Mtaalamu wa mazoezi aliruka kutoka kwenye kiti chake akamshika mkanda wa mazoezi waliomfunga kiunoni. Leonsi akasukuma. Akashindwa, akakaa. Hakuna aliyempa pole, nilimkazia Neema macho asithubutu. Akasukuma tena, uso umemvimba, na akainuka. Akasimama, jamani. Akapiga hatua, akaburuta, akapiga nyingine, mpaka akaishika meza mbele yangu, anahema kama ng'ombe wa kulima.

"Hivi," akaniambia. "Ndivyo ninavyotembea."

Neema alikuwa analia kwa sauti. Kerubo naye. Yule mama wa ustawi akauliza tena, maana kazi ni kazi, kama anataka mgeni atolewe. Leonsi akasema kwa Kiingereza safi kabisa, "She stays. I am not finished with her." Wakamwongezea muda wa mazoezi palepale, na safari hii hakuna aliyesema nyumba ya wazee.

Ngazi za Apple Valley

Tangu siku hiyo ilikuwa vita. Kila asubuhi Neema ananishusha, navaa koti, natembea vibaya, Leonsi anakasirika, anasimama kunirekebisha. Mtaalamu wa mazoezi akawa ananingoja mlangoni na koti mkononi. Nilimpikia mlenda, dagaa, ugali wa ule mwiko wangu. Wahudumu walifungua madirisha kwenye baridi ile, lakini Leonsi alikula mpaka akaomba ukoko. Siku moja niliingia nikamkuta Neema ndiye amevaa koti. Anamwigiza baba yake akiwasha gari kwenye theluji, na Leonsi anacheka machozi yanamtoka.

Jaribio la mwisho lilikuwa nyumbani kwake. Apple Valley nyumba zote zimefanana, mimi peke yangu ningeingia kwa watu. Vyumba viko juu, na ngazi ni za mbao, kali. Sharti ni apande mwenyewe, bila kubebwa. Mtaalamu nyuma yake, Neema chini, mimi nikatangulia juu na goti langu, nikigeuka kila hatua kumwambia kwamba bibi alipanda milima ya Uluguru na mzigo wa ndizi kichwani.

Katikati alikwama. Mguu wa kulia ukagoma. Akainamia reli, na nikaona macho yake yanaanza kurudi ukutani. Matusi yakaniishia. Nikajikuta nasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leonsi, ulinirudisha duniani. Panda, ndugu yangu. Mimi bila wewe sina wa kunitukana."

Akainua kichwa, akanitazama. "Usilie kwenye ngazi zangu," akasema, "zitaoza." Akaubeba ule mguu, akauweka juu. Akapanda. Akapanda yote, akafika, akashika fremu ya mlango wa chumba chake na mkono mzima, akasimama pale mwenye nyumba.

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje na koleo la theluji. Sioni haya kusema, nilijiona nimeshinda dunia. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na bibi aliyetulaza mkeka mmoja, tukapigana mateke usiku kucha, bila kujua anatuwekea akiba ya uzeeni.

Kurudi

Nyumba haikuuzwa. Leonsi anaishi humo, Neema amehamia kwake, na Kerubo hupita akitoka kazini kumtazama. Uwanja wa ndege alikuja mwenyewe, kwa fimbo. Hatukukumbatiana. Aliniambia nikifa nisimwachie kanga zangu, hazimtoshi. Nami nikamwambia za kumtosha hazijatengenezwa bado.

Neema ndiye aliyenishikilia. Aliniuliza chini chini, kwa Kiswahili kitupu, "Shangazi, na mimi nikija kuanguka, nani atanifanyia hivi?" Ndege ikaitwa, nikaondoka nalo lile swali, likanikaa kifuani mpaka Dar.

Jumapili iliyopita nilikuwa nachambua mchele uani. Deo wangu akatoka ndani ameshika simu, amekunja uso.

"Mama, huyu Neema wa mjomba Leonsi ana nini? Amenipigia kutoka Marekani, hajasalimia. Anasema ameona picha yangu, kichwa changu kimekaa kama gimbi, na kwamba mke aliyenikubali apimwe macho. Kiswahili chenyewe kimepinda. Nimwambie nini?"

Niliweka ungo chini.

"Mtukane," nikamwambia. "Mtukane vizuri, mwanangu, na kesho umpigie tena."